Sahihi Nyuma ya Hundi

Bima ilikuwa imelipa.

Ililipa zote, dola elfu nane mia moja na sitini, tena wiki tano nyuma. Hapo ndipo tulipomwacha mzee Verlyn Tesar Jumamosi iliyopita, msomaji wangu: amesimama jikoni kwake, simu sikioni, na dada wa kampuni upande wa pili anamngoja aseme kitu.

"Rudia," Verlyn alisema.

"Tumelipa, mzee wangu. Siku arobaini za mkeo kituoni, dola mia mbili na nne kila siku. Hundi imeshapita benki."

"Kituo kinanidai mpaka leo. Nyie mlimlipa nani?"

"Tulimlipa mkeo. Siku ya kumlaza ulisaini sehemu ya matibabu. Sehemu ya kuturuhusu tukilipe kituo moja kwa moja uliiacha wazi. Ikiachwa wazi, hela tunamtumia mwenye bima, yeye ndiye anakwenda kulipa. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Mke wangu hajashika hundi yoyote. Mkono wake wa kulia haufanyi kazi."

"Naiona picha yake hapa, mzee. Nyuma pana sahihi. Imeandikwa Verlyn Tesar."

Verlyn alikata simu bila kuaga.

Sasa kwa wewe unayetukuta njiani. Ardith, mke wa Verlyn, alipigwa na kiharusi wiki kadhaa kabla ya mavuno, akapelekwa kituo cha kuuguza wazee ajifunze upya kutembea na kusema. Kituoni siku ishirini za kwanza serikali humlipia mzee kila kitu. Kuanzia ya ishirini na moja anaanza kudaiwa kwa siku, na hapo ndipo huingia bima ya nyongeza, ile wazee wanayojikatia wenyewe kuziba pengo. Kituo kimeshahesabu siku sitini za Ardith; za baadaye bado hazijaandikiwa ankara. Aliyewauzia bima hiyo ni Marlys Kubicek, mjane, wakala pekee wa bima mjini, shoga wa Ardith tangu darasa la kwanza.

Kituo kilipoleta ankara, Verlyn hakumuuliza mtu. Alikwenda kwenye ghala la nafaka, ambako wanaume wa mji hunywa kahawa kila asubuhi, akasema kwa sauti, "Marlys katuuzia karatasi ya chooni."

Wakacheka sana. Wiki hiyo hiyo mtu akatundika karatasi za chooni kwenye mlango wa ofisi ya Marlys. Wateja wakaanza kumhama, mmoja baada ya mwingine.

Marlys alimfuata mlangoni mwa kanisa. "Shemeji, kwenye kompyuta yangu naona wamelipa. Zaidi ya hapo siruhusiwi kuona. Piga simu mwenyewe, au waulize benki."

"Unanifanya mwongo mbele ya watu?"

Verlyn akaondoka kifua mbele.

Leo alipiga kwa sababu moja tu. Ardith anarudi nyumbani leo. Saa sita mchana parokia inawafanyia chakula cha mchango, chakula na mnada wa pai, na Verlyn alitaka asimame pale mbele aseme: nimewapigia asubuhi hii hii, wamekataa tena.

Badala yake alikuwa na sahihi asiyoikumbuka. Nani ameandika jina lake?

Mtu ukishamchukia, kila jibu ni yeye. Wakati wa mavuno, Verlyn akiwa shambani au kituoni, nani alikuwa anapitia kisanduku chao cha barua? Nani alikuwa anaingia jikoni humu na bakuli la supu, barua kwapani?

"Nimekupata, mama," Verlyn alisema peke yake. Akachukua funguo. Mbwa wake, Pivo, alishamtangulia kwenye pikapu.

*

Jumamosi benki hufungua dirisha la magari tu. Unazungumza na kipaza sauti, na karatasi zinakwenda na kurudi ndani ya kopo linalosukumwa na hewa kwenye bomba. Dirishani alikuwa Kendra.

"Mzee Tesar. Nilidhani saa hizi uko ukumbini unameza mate."

"Kuna mtu kaiba hundi ya mke wangu, kaandika jina langu. Nataka picha yake. Na ujue mapema, mwizi ni Marlys Kubicek."

Kupitia kioo alimwona Kendra ameinamia kompyuta, anatafuta, anatafuta, kisha akaacha kutafuta.

"Mzee, zima injini."

"Ya nini?"

"Zima tu, unisikie vizuri."

Akazima.

"Hundi hii iliingia Oktoba, kwenye akaunti yenu ya pamoja. Haikuja peke yake. Ilikuja na nyingine tatu, zote za soya, kutoka ghalani. Zilikuwa zimefungwa na mpira wa bluu."

Verlyn alisogea karibu na kipaza sauti.

"Aliyezileta ni wewe. Njia hii hii. Nakumbuka kwa sababu ulikuwa na furaha, ukaniambia soya imekubariki mwaka huu, nimpe Pivo biskuti mbili. Nikampa mbili."

Kopo likaja kwa kishindo. Ndani mlikuwa na picha ya hundi, na biskuti moja.

Verlyn alivaa miwani. Mbele, jina la Ardith. Nyuma, sahihi yake mwenyewe, ile V yenye mkia mrefu, aliyoiandika juu ya boneti, bila miwani, hundi nne kwa mpigo. Miaka hamsini na miwili ya ndoa karatasi za nyumba ile zilisomwa na Ardith. Yeye kazi yake ilikuwa kugeuza nyuma na kusaini.

Na ule mpira wa bluu aliukumbuka. Marlys ndiye aliyeufunga. Alimwachia fungu lile mezani, akamwambia, "Shemeji, hizi ni hundi, usije ukazichoma na matangazo." Maana kila vuli wazee hujaziwa visanduku na matangazo ya bima, na Verlyn huyapeleka yote kwenye pipa la moto nyuma ya zizi. Bila Marlys, hundi ile ingekuwa majivu.

"Hela ziko wapi?" aliuliza, na alikuwa anajua.

"Kesho yake ulitoa elfu nane."

Trekta. Trekta jekundu la mwaka 1949, la aina ile aliyokuwa nayo baba yake, alilolinunua mnadani kaunti ya jirani. Halilimi kitu. Linang'aa tu. Alilizungusha mjini Jumapili mbili, akipungia watu mkono, mkewe akiwa kituoni anafundishwa kushika kijiko.

"Kendra," alisema. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi. Na mimi siwezi kusema, ni siri ya benki." Kipaza sauti kikakwaruza. "Mama yangu alimhama Marlys kwa ajili yako, mzee. Wamekuwa majirani miaka thelathini. Siku hizi hawasalimiani. Nami nimekaa hapa najua, na kumwambia siwezi."

Verlyn aliwasha gari. Pivo alishakula biskuti.

*

Njiani kwenda kanisani shetani alikaa kiti cha kati, baina yake na mbwa, na maneno yake yalikuwa mepesi. Chakula cha leo kitaleta elfu sita. Wewe ongeza kidogo, kilipe kituo, imekwisha. Marlys ameshazoea. Ikifika wakati wa kupanda, watu watakuwa wanazungumza mengine.

Kilichomtia aibu mzee yule ni jinsi maneno hayo yalivyomkaa vizuri tumboni.

Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Soseji, kabichi chachu, madonge ya unga kwenye mchuzi, na meza nzima ya pai. Wanaume walimpiga mgongo alipopita.

"Huyu hapa mwenye shughuli," alisema Duane Sobotka, mnadishaji, mtu wa tumbo na sauti, ndiye huyo huyo aliyemuuzia trekta. "Ungelileta lile jekundu lako tulipige mnada hapa, tumalize mapema twende nyumbani."

Watu wakacheka. Verlyn akacheka nao, kisha akajisikia anavyocheka, akaacha.

Mwisho wa meza ya vitamu palikuwa na sinia la kolachi za Marlys, vile vimkate laini vyenye jamu ya aprikoti katikati. Masinia ya wengine yalikuwa yamebaki makombo. Hili lilikuwa limejaa kama lilivyoletwa.

"Chukua moja," mzee mmoja alimwambia mwenzake.

"Thubutu. Nikiumwa tumbo ataniambia aprikoti haimo kwenye mkataba."

Meza ikalipuka kwa kicheko. Marlys alikuwa hatua chache tu, anafuta sahani. Sahani ilishakauka. Aliendelea kuifuta.

Verlyn angeweza kusema wakati ule. Watu walikuwa wachache kwenye meza ile, angesema polepole, ingetosha. Alikwenda kujimiminia kahawa.

Mara makofi. Mlango umefunguliwa, Ardith anaingizwa kwenye kiti cha magurudumu na muuguzi wa kituo, nywele zimechanwa, amevaa sweta lake la sikukuu. Upande mmoja wa uso ulicheka. Watu walisimama. Wengine walilia.

Verlyn alimsogeza kwenye meza ya mbele, akamkalisha kando yake. Ardith alizungusha macho ukumbi mzima, mara moja, mara ya pili.

"Ma... Marlys wapi?"

"Yupo. Ana kazi jikoni."

"Mwite."

"Baadaye, mke wangu."

Ardith alimtazama. Wanawake wanaosoma karatasi za nyumba miaka hamsini huwa wanasoma na sura. Lakini Duane alishapanda jukwaani, kipaza sauti mkononi.

"Haya jamani, pai ya kwanza, cheri, ya mama Sobotka mwenyewe, naijua, nimelala nayo nyumba moja usiku kucha sikuigusa. Nani ananipa hamsini?"

Hamsini ikapatikana. Ikawa mia. Ikawa mia tatu. Vijana wa ghala walichangiana wakanunua pai moja kwa mia nne, wakairudisha mezani inunuliwe tena. Kila bei ilipopanda watu walimtazama Verlyn na kumtikisia kichwa, kama kumwambia tuko nawe. Yeye alitazama kitambaa cha meza. Picha ya hundi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na kila akivuta pumzi aliisikia ikikunjika.

"Pai ya tufaha," Duane alisema. "Nani ananipa mia?"

"Mia tano."

Sauti ilitoka nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Vichwa viligeuka. Marlys Kubicek alikuwa amenyanyua mkono wenye kitambaa cha kufutia.

Ukumbi ulipoa. Duane alishusha kipaza sauti. "Marlys. Una hakika?"

"Kwani hela yangu ina ukoma, Duane?"

"Sijasema hivyo."

"Ardith ni rafiki yangu. Si lazima nipatane na mumewe. Mia tano."

Hakuna aliyeongeza. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alisema, si kwa siri sana, "Dhamiri imemsuta."

Hapo Verlyn Tesar alisimama.

Alisimama vibaya, kiti kikaanguka nyuma yake. "Duane, zima mnada."

"Tumebakiza pai sita, mzee."

"Zima."

Mia mbili na zaidi walikuwa mle ndani, wote wakamgeukia.

"Nimewapigia bima asubuhi hii," Verlyn alisema.

"Wamekataa tena," mtu akajibu kwa hasira. "Wezi wale."

"Nisikilizeni. Mnajua mwaka huu mavuno yalikuwa na haraka. Halafu macho yangu siku hizi, bila miwani sioni. Na karatasi zote za nyumba ni Ardith, mimi sijawahi, sasa yeye alipolazwa..."

Kikombe kiligongwa mezani. Ardith alikuwa amekishika kwa mkono wa kushoto.

"Sema," alisema. Neno zima, bila kukwama.

Verlyn akavua miwani. Hakutaka kuona nyuso.

"Bima walilipa. Walilipa yote, Oktoba. Hundi ya mke wangu niliipeleka benki mwenyewe na za soya, sikuisoma. Marlys aliniambia wamelipa, nikamdhalilisha mlangoni mwa kanisa. Na ile hundi yeye ndiye aliyeiokoa nisiichome moto. Leo asubuhi nimekwenda benki kumwita mwizi."

Duane aliteremka jukwaani.

"Hela zenyewe?" aliuliza Duane, na sasa hakuwa na sauti ya mnada.

"Umeziona. Ni lile trekta."

"Mungu wangu. Mimi ndiye niliyekuuzia."

"Wewe ulinadi. Niliyenyanyua mkono ni mimi."

Alikuwa amejiandaa watukane. Hawakutukana. Walitazama sahani zao, wakawa wanakusanya makombo kwa uma, kama watoto waliomkuta baba mtu akilia. Kijana mmoja wa ghala aliuliza taratibu, "Sasa pai tunarudisha?" Mwenzake akamjibu, "Yangu nimeshaila." Hakuna aliyecheka. Mzee wa utani wa mkataba alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye sinia la aprikoti, akachukua kolachi moja, akabaki ameishika.

"Iache," Marlys alimwambia. Mzee akairudisha.

Marlys alifunika sinia lake kwa kile kitambaa. Akalibeba mpaka meza ya mbele, akasimama mbele ya Verlyn. Alikuwa mfupi, ilimbidi aangalie juu.

"Shemeji, siku uliyoniita karatasi ya chooni, ulikuwa wapi?"

"Ghalani."

"Ulinong'ona?"

"Hapana."

"Basi Jumatatu nenda ghalani. Usinong'one."

"Nitakwenda."

"Na wale walionihama, nyumba zao unazijua. Utapita moja moja. Mimi siendi kumbembeleza mtu."

"Marlys, naomba unisa—"

"Leo usiniombe kitu. Leo nimechoka." Akainama kwa Ardith, sauti ikabadilika kabisa. "Dada, nitakuja kukuona nyumbani kwako. Si leo. Kesho kutwa."

Ardith alimshika mkono wa nguo. Alikuwa anatafuta maneno, mdomo ukienda upande, na ukumbi mzima ukimngojea. Verlyn aliinama amsaidie, kama walivyomfundisha kituoni.

"Unataka maji? Unataka twende nyumbani?"

Ardith hakumtazama.

"Nipeleke," alimwambia Marlys. "Kwako."

Marlys alimwangalia Verlyn. Verlyn aliondoa mkono kwenye kiti cha magurudumu, akasogea kando. Marlys aliliweka sinia la kolachi juu ya mapaja ya Ardith, akashika kiti kwa nyuma, wakatoka kwa mlango wa mbele. Duane ndiye aliyewafungulia.

Hesabu ya siku ile ilikuwa hivi. Pai zilikuwa zimeingiza dola elfu sita mia moja na arobaini, na zilirudishwa zote kwa wenyewe, papo hapo, kila mtu akipokea bila kuinua macho. Kituo kilikuwa bado kinadai elfu nane mia moja na sitini. Trekta jekundu, Duane alisema, likirudi mnadani litapata elfu nne, tano ukibahatika. Wateja waliomhama Marlys ni ishirini na watatu, na mama yake Kendra ni mmoja wao.

Na nyumbani, chumba cha chini karibu na bafu, kitanda kimoja chenye shuka mpya, alizozitandika Verlyn mwenyewe alfajiri kabla ya kupiga simu, pembe moja ameikunja nyuma ili mkono wa kushoto wa Ardith uweze kuishika.